Nilinakili Piano ya Wifi Yangu Hadi Kasoro Zake

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na naomba pia usicheke kabla hujafika mwisho, maana mume wangu alicheka nikiwa katikati na tangu hapo sijamsimulia kilichobaki.

Mimi ni mwalimu wa muziki katika shule moja ya msingi. Piano nilianza nikiwa mtoto, kwa mwalimu mama mmoja mkali, mwenye kucha fupi kama za daktari wa upasuaji, na darasani mle alikuwepo msichana mwingine wa rika langu ambaye baadaye niliolewa na kaka yake, kwa hiyo rafiki akageuka wifi, na wifi huyo ndiye sababu ya barua hii. Tulifundishwa na mtu mmoja, kwa vitabu vilevile, tukipokezana benchi moja, na kile kisanduku cha mapigo kinachogonga tak, tak, tak kilitugongea sote wawili. Lakini mimi nikipiga, kila nota iko mahali pake, hakuna kilichopotea wala kilichoongezeka, watu wanasema hongera na kuanza kutafuta mikoba yao. Wifi akipiga, watu wanasahau kwamba walikuwa wameshainuka kuondoka.

Siyo wivu, mshauri, au kama ni wivu basi ni ule unaokuja umeshikana mkono na mapenzi, kwa sababu hakuna mtu ninayependa kumsikia kama yeye. Jumapili baada ya chakula, kwa wakwe zangu, anafungua ile piano kuukuu ya sebuleni bila kutangaza, bado ana aproni, na baba mkwe anayekuwa anachokonoa meno anaacha kijiti mdomoni, na mume wangu anayeosha vyombo jikoni anafunga bomba ili asikie. Wimbo uleule wiki hii ni malalamiko, wiki ijayo ni kama mtu anayesimulia kisa huku akizuia kicheko, na ukimuuliza amefanyaje anakwambia, "Sijui wifi, leo ulikuja hivyo." Kwangu haujawahi kuja hivyo. Kwangu unakuja ulivyoandikwa. Mume wangu nikimaliza mazoezi nyumbani husema, "Fundi, mshono umenyooka leo," na amenipa jina la Cherehani, ananitania tu, najua, lakini watoto nao wamelidaka.

Basi mwalimu wetu anastaafu, na shule yake inamfanyia hafla ya kumuaga, na mwalimu mkuu alipomuuliza angependa nani apige ule wimbo wa taratibu wa kurasa mbili aliotufundisha sote, ule ambao nota moja ya katikati inapigwa mara mbili mfululizo kabla ya wimbo kurudi nyumbani, akanitaja mimi. Siyo wifi, mimi. Wifi alikuwa wa kwanza kupiga makofi, na makofi yake yalikuwa ya kweli, namjua. Nilimfuata mwalimu koridoni nikamuuliza kwa nini mimi, alikuwa anafunga kabati la vitabu, akasema, "Nimemchagua ambaye bado sijamsikia," kisha akaniambia nimshikie kufuli. Maneno hayo yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kanifundisha miaka yote ile, kanisikia kila wiki, halafu hajanisikia?

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Jumapili iliyofuata nilimwomba wifi atupigie ule wimbo, nikajifanya naenda msalani, nikasimama koridoni na simu yangu nimeifunika kwa taulo, nikamrekodi. Nikarudi nao kwangu nikausikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, kipande kwa kipande, na hasa pale kwenye ile nota ya mara mbili, kwa sababu wifi hupiga ya kwanza halafu anaacha ukimya, kama mtu aliyetaka kusema jambo akasita, ndipo anapiga ya pili kwa upole kama anayeomba radhi. Hapo ndipo baba mkwe hufumba macho. Hapo ndipo mimi hutokwa na machozi. Ukimya huo niliupima kwa kisanduku cha mapigo nikauandika kwa penseli juu ya nota, nikaandika na mahali anapokimbiza kidogo na mahali anapozembea, nikajifunza vyote kama nilivyojifunza jedwali la kuzidisha, hata pale anapovuta pumzi puani nilianza kuvuta na mimi. Nikajiambia, kama moyo hauna hisia, basi vidole vijifunze za mwenye nazo.

Na nisikudanganye kwamba piano inanishinda, maana kazi ninayo na watu wananitegemea. Alhamisi napigia kwaya ya wastaafu katika chumba cha ghorofani, chini yetu ni kwa dobi, mvuke wa pasi unapanda hadi kwenye karatasi za nota, na pale yupo mzee mmoja mwenye pumu, zamani alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni, ndiye anayeimba peke yake ubeti wa tatu. Siku nyingine anahitaji pumzi mbili mahali penye moja. Namsubiri. Nisiposubiri ataishia njiani. Hilo halina ugumu wowote na halihusiani na ninachokuuliza, nimelitaja tu ujue kwamba mimi si mwanafunzi.

Siku ya mazoezi kwenye ukumbi wa shule, wifi alikuja kunisikiliza wakati wa mapumziko yake ya kazi, akakaa viti vya nyuma na mkoba wake wa chakula magotini. Piano ya ukumbini ni nzima, imetoka kutengenezwa. Nikaanza. Mwanzoni alitabasamu. Kisha akaweka kichwa upande kama mtu anayesikia jina lake likitajwa chumba cha pili. Nilipofika kwenye ule ukimya, nikauacha wote, kipimo kamili, akajiziba mdomo kwa mkono. Nikajua nimemgusa. Nilipomaliza akaja mbele, akainama karibu na sikio langu, wala hakuwa ananikejeli, akasema:

"Wifi, pale mimi huwa nasubiri kibonyezo kirudi juu. Kwenye piano ya nyumbani kinanata. Wewe ulikuwa unasubiri nini?"

Akanieleza kwamba kibonyezo hicho tangu utotoni mwao kikibonyezwa kinachelewa kurudi juu, ukiharakisha nota ya pili haitoki kabisa, kwa hiyo amezoea kukipa nafasi. Akacheka hadi akashika kinanda, nami nikacheka kwa aibu, halafu kicheko chake kikakatika. Aliniuliza kama nilimrekodi. Nikasema ndiyo. Akasema, "Ungeniomba ningekupigia mpaka uchoke mwenyewe," akachukua mkoba wake akarudi kazini.

Tangu siku hiyo Jumapili anakuja kama kawaida, tunamenya na kukatakata pamoja jikoni, ananiita wifi, anauliza habari za watoto, lakini piano haifunguliwi. Baba mkwe alipouliza, alisema vidole vinamuuma, na baba mkwe akaniangalia mimi kana kwamba nimevivunja. Mume wangu sasa anaosha vyombo bomba likiwa wazi mpaka mwisho.

Hafla ni mwezi ujao na sina mbele wala nyuma. Nikipiga kwa kumwiga wifi, atakuwepo ukumbini na atajua, na isitoshe sasa kila nikifika pale nasikia kibonyezo kinachonata kwenye piano isiyo na kasoro. Nikipiga kama mimi, mwalimu wangu atastaafu akiwa amesindikizwa na cherehani. Nimefikiria kumwambia mwalimu mkuu kwamba nimeteguka kifundo cha mkono, nafasi apewe anayestahili, na bandeji nimeshaitafuta. Niambie ukweli: mtu mzima anaweza kujifunza kupiga kwa hisia zake, au kuna watu tumezaliwa bila?

Ni mimi,
Cherehani

MSHAURI ANAJIBU

Cherehani,

Nimecheka, na nimefika mwisho. Sikuahidi chochote.

Kabla ya kukujibu nilimpigia simu fundi wa piano ninayemfahamu, kwa sababu sipendi kutoa ushauri juu ya kitu nisichokihakikisha. Anasema vibonyezo hunata pale unyevu unapovimbisha mbao na kitambaa kilichomo ndani, na kwamba kurekebisha ni kazi ndogo kwa mwenye vifaa. Akaongeza jambo ambalo sikumuuliza: wenye piano wengi humkatalia. Mikono imeshazoea, na wanahofia kuwa kibonyezo kikipona watajikwaa mahali ambapo hawajawahi kujikwaa. Kwa hiyo wifi yako alikwambia ukweli mtupu.

Lakini tazama alichofanya na ukweli huo. Wengine tungekilaani kile kibonyezo na kuruka wimbo. Yeye alipewa piano yenye ulemavu akaisikiliza, akajua inahitaji nafasi, akaitengenezea nafasi hiyo ndani ya wimbo kwa namna ambayo mzee mzima anaacha kijiti mdomoni na kufumba macho. Huyo ni mpigaji hodari, na una haki ya kutokwa na machozi. Nina hakika pia, ingawa hili itabidi umuulize mwenyewe, kwamba kwenye piano nzima hasubiri pale hata kidogo, au anasubiri kwa namna nyingine. Anaijibu piano iliyo mbele yake. Wewe ulichukua majibu yake ukayabeba hadi ukumbi mwingine, kwenye piano ambayo haikuwa imeuliza chochote.

Sasa nikukaripie kidogo, umejitakia. Kumrekodi mtu kwa simu iliyofunikwa na taulo ni kazi ya mpelelezi, na unampeleleza nani? Mtu ambaye angekupigia bure, sebuleni kwao, na aproni kiunoni. Kilichomuuma wifi si kwamba ulimwiga. Kuigwa na mtu anayekupenda ni heshima. Kilichomuuma ni kwamba ulimnyima raha ya kukupa. Na umekuwa ukimsikiliza kila Jumapili ukiwa mgeni wake, kumbe sasa akikaa kwenye benchi lile atakuwa anajiuliza kama kuna mtu koridoni.

Hapo karipio limeishia, kwa sababu kuna mambo mawili katika barua yako ambayo wewe mwenyewe umeyapita mbio.

La kwanza ni sikio lako. Umesikia ukimya mdogo kuliko kupepesa jicho, ukaupima, ukaupiga sawasawa kiasi kwamba mwenye nao aliutambua akiwa viti vya nyuma. Nimewahi kukaa na wapigaji wengi katika kazi yangu ya zamani ya kuandika habari za muziki, na wachache sana wangeweza hilo. Mtu asiye na hisia asingejua hata kwamba pale pana kitu cha kunakili.

La pili ni mzee wa pumu. Umeniambia kwamba halihusiani na swali lako, na ndilo swali lako lote. Barua yako ina sentensi ndefu ambazo zilinifanya nitafute mahali pa kupumua, mpaka ulipofika chumba kile cha juu kwa dobi. Pale ukaandika: "Namsubiri. Nisiposubiri ataishia njiani." Fupi, tulivu, bila penseli wala kisanduku. Hukupima pumzi ya yule mzee. Siku yenye pumzi moja unampa moja, siku yenye mbili unampa mbili, na wimbo unafika salama. Huko ndiko kupiga kwa uhuru, Cherehani. Umekuwa ukifanya hivyo kila Alhamisi na kusema ni kazi tu.

Tofauti ni kwamba pale kuna mtu unayemsikiliza. Ukikaa peke yako na ule wimbo wa kurasa mbili, unasikiliza karatasi, halafu unamsikiliza wifi kwenye simu, halafu unasikiliza kisanduku. Wewe mwenyewe hujawahi kujisikiliza unataka nini. Mwalimu wako ameligundua hilo. Umelichukulia neno lake kama tusi likakukwama kooni, mimi nalisoma vingine. Miaka yote hiyo ulimfanyia alichokwambia, vizuri, bila kukosea, na akashukuru. Wifi yako, mwalimu ameshamsikia mara nyingi. Sasa anaondoka, na aliyebaki ambaye angependa kumsikia ni wewe. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo kwa mwanafunzi.

Kwa hiyo fanya hivi.

Bandeji ipeleke kwenye sanduku la huduma ya kwanza la shule yako. Hutegui kitu na humwachii mtu nafasi.

Ondoka kwenye piano uuimbe huo wimbo. Uimbe ukiosha vyombo, mumeo akapumzike. Sauti ikiwa mbaya hakuna neno, hakuna anayekulipa. Mahali utakapoishiwa pumzi, mahali utakapotaka kuvuta nota, mahali utakapojikuta umeharakisha kwa sababu unajua kinachofuata na unakitamani, usiandike popote. Rudia kesho uone kama pamebaki palepale. Pakihama, pahame.

Kisanduku cha mapigo usikitupe, kimekulea. Kikugongee mazoezi ya vidole asubuhi, halafu kizime kabla ya kugusa wimbo huu. Na futa alama zote za penseli.

Kisha uharibu wimbo makusudi. Piga kwa nguvu palipoandikwa kwa upole. Kimbia palipo pa taratibu. Uvute kama mtu anayeburuta kabati. Endelea mpaka ufike mahali useme, hapana, hapo siyo, hapo umezidi. Ukishakereka, simama. Mtu anayekereka ana maoni, na maoni hayo hakuyaazima kwa mtu. Anza kuupiga upya kutokea hapo.

Alhamisi, kwaya ikimaliza, mwombe yule mzee abaki kidogo, mfunze wimbo huu akuimbie bila maneno, mdomo umefumbwa, wewe umfuate. Wiki itakayofuata upige peke yako, umwachie nafasi zake kana kwamba yupo. Ya baadaye, mwondoe, uone nafasi zipi zimebaki. Zilizobaki ni zako.

Na wifi. Usimpelekee zawadi, usimwandikie ujumbe mrefu, na kwa jina la amani usimtume mumeo. Jumapili, mkiwa jikoni mnamenya, toa simu umwambie, "Wifi, hii hapa, sikukuomba, nilikosea." Mpe ile rekodi aifute mwenyewe au abaki nayo, shauri lake. Halafu mwombe jambo moja tu. Usimwombe akufundishe, atakufundisha na utanakili. Mwombe akae kwenye kiti cha sebuleni, na wewe ndiye ufungue ile piano kuukuu. Upige wimbo juu ya kibonyezo kinachonata. Utalazimika kukisubiri, kama yeye alivyokisubiri tangu utotoni, na hapo kwa mara ya kwanza mtakuwa kama mmekaa benchi moja tena. Baba mkwe wako atajua kwamba vidole vimepona.

Swali alilokuuliza ukumbini ulilisikia kama aibu. Mimi nadhani ni somo zuri kuliko yote utakayopewa na mtu yeyote, na alikupa kwa kunong'ona ili lisikuumize. Libebe. Kila unapotaka kuchelewesha nota, jiulize: ninasubiri nini? Kwa yule mzee unajua jibu. Kwenye piano ya nyumbani vidole vyako vitalijua. Kwenye wimbo huu ndio kwanza unalitafuta, na unaruhusiwa kulipata tofauti kila siku, kama ulivyomwonea gere wifi yako kwa miaka.

Siku ya hafla utakaa kwenye piano nzima, isiyokuchelewesha. Mwalimu wako atakuwa mbele, mikono yake yenye kucha fupi imekunjwa mapajani, na wifi yako ama nyuma ama pembeni yake. Utafika kwenye ile nota ya mara mbili. Utapiga ya kwanza. Kama kuna kitu unakisubiri, subiri, na ukumbi mzima usubiri pamoja nawe, hata kama mwalimu mkuu ataanza kukohoa. Kama hakuna, piga ya pili uende zako.

Vyovyote utakavyofanya, mwalimu wako atakuwa amekusikia.